Kishikwambi au Kisomeo? Hesabu ya Msomaji wa Buguruni

Kila bumu linapoingia swali hili hurudi kwenye vimbweta: ninunue kishikwambi, au kile kifaa cha kusomea vitabu tu, ambacho wengi tunakiita Kindle hata kikiwa kimetengenezwa na kampuni nyingine? Wanaouliza si wengi, maana wengi wetu tumeshaamua kimya kimya kwamba simu inatosha. Lakini anayeuliza huuliza kwa uchungu. Fedha ya vitabu na viandikio tunayokopeshwa na Bodi ya Mikopo ni shilingi 200,000 kwa mwaka mzima, na humo humo kuna kopi za vitini, daftari, kalamu, na kuprinti kazi ya kikundi ambayo wenzako sita wamekuachia wewe. Ukinunua kifaa kisichokufaa utakaa nacho mpaka bumu la mwakani, na UE haikusubiri.

Nasoma ualimu, nimepanga Buguruni, na makala hii nimeiandaa kama ninavyoandaa somo la BTP: tujue kwanza kifaa kinafanyaje kazi, kisha kimeshindana vipi na mwenzake, kisha tukilete nyumbani tuone kinakaaje. Kile cha vitabu tu nitakiita kisomeo. Kishikwambi hakihitaji maelezo, tangu makarani wa Sensa wapite nacho mlango kwa mlango kila mtu anakijua.

Wino usiolamba umeme

Kioo cha simu au kishikwambi kina mwanga wake chenyewe. Unachosoma pale ni taa inayokuja moja kwa moja machoni. Kisomeo hakijengwi hivyo. Chini ya kioo chake kuna tabaka la vidonge vidogo mno, unene wa kila kimoja ni kama wa unywele mmoja. Ndani ya kila kidonge kuna kimiminika angavu, na humo zinaelea chembe za rangi mbili: nyeupe zenye chaji chanya na nyeusi zenye chaji hasi. Umeme ukipitishwa upande mmoja, nyeupe hupanda juu na nyeusi hushuka. Ukigeuzwa, nyeusi hupanda, na hapo ndipo herufi inapoonekana.

Fikiria konda wa daladala anavyopiga kelele "songa nyuma, songa nyuma". Abiria wakishajipanga, hubaki walipo hata konda akinyamaza. Chembe nazo ni hivyo hivyo. Zikishapanda hazihitaji umeme ili zibaki juu, kwa hiyo kifaa kinakula chaji pale tu unapofungua ukurasa mwingine. Muda wote unaousoma ukurasa huo, umeme unaotumika kwenye maandishi ni sifuri. Ndiyo maana kisomeo hukaa wiki kadhaa bila kuonja chaja, wakati kishikwambi ukikishika asubuhi jioni kinaomba. Na kwa kuwa hakitoi mwanga bali kinaurudisha mwanga wa nje kama karatasi, jua likizidi ndivyo kinavyozidi kusomeka.

Teknolojia hii ilizaliwa chuoni, jambo ambalo sisi wanachuo tunapaswa kulipenda. Kampuni ya E Ink ilianzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka kwenye maabara ya MIT Media Lab, Marekani. Sony wakauza kisomeo cha kwanza cha wino huo, Librie, nchini Japani mwaka 2004. Kilichovuma ni Kindle ya Amazon, iliyotoka tarehe 19 Novemba 2007 kwa dola 399. Mzigo wa kwanza uliisha kwa saa tano na nusu.

Amani ya kisomeo ilidumu miaka miwili na kidogo. Januari 2010 Steve Jobs alipanda jukwaani na iPad, na tarehe 3 Aprili mwaka huo ikaanza kuuzwa kwa dola 499. Ina rangi, ina video, ina intaneti, na ina vitabu pia. Watu wakaanza kuandika tanzia ya kisomeo. Kilichofuata kinafurahisha kwa anayependa uchumi: tarehe 21 Juni 2010 kampuni ya Barnes & Noble ilishusha bei ya kisomeo chake, Nook, kutoka dola 259 hadi 199, na siku hiyo hiyo Amazon wakashusha Kindle kutoka 259 hadi 189. Yaani kishikwambi hakikukiua kisomeo, kilikilazimisha kishuke bei na kibaki na kazi moja. Mwaka uliofuata Amazon wenyewe wakatoa kishikwambi, Kindle Fire, kwa dola 199, kama mama ntilie anayeona jirani kaanzisha chipsi naye akaongeza karai la chipsi bila kuacha wali. Sony walijitoa kwenye visomeo mwaka 2014. Kindle bado ipo.

Kuna tukio moja la Julai 2009 ambalo kila mwenye ndoto ya kununua vitabu vya kielektroniki inabidi alijue. Wasomaji walifungua Kindle zao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell walivyovilipia havipo. Kimoja ni 1984, kingine ni Animal Farm, ambacho hapa kwetu kinajulikana kama Shamba la Wanyama. Aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza, kwa hiyo Amazon wakarudisha fedha na kuvifuta vifaani wakiwa mbali huko. Waliomba radhi baadaye, lakini watu walikuwa wameshaelewa kwamba kitabu kilichomo kwenye kifaa cha namna ile mwenye duka anaweza kukifikia. Kitabu ulichonunua kwa muuza vitabu wa barabarani hakuna anayekuja usiku kukichukua, labda mwenye chumba mwenzako.

Afrika ilivyojaribu vyote viwili

Ushindani huu haukuishia Ulaya na Marekani. Mwaka 2010 David Risher, aliyewahi kufanya kazi Amazon, pamoja na Colin McElwee walianzisha shirika la Worldreader, wakaanza kupeleka Kindle kwenye shule za Ghana, na mwaka uliofuata Kilgoris, Kenya. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: shule ya kijijini haina maktaba, lori la vitabu ni ghali, lakini kifaa kimoja kinabeba mamia ya vitabu na betri yake haisumbui. Watoto walisoma. Vioo navyo vilivunjika, na vilivunjika vingi, kwa sababu kioo cha kisomeo ni chepesi na mtoto ni mtoto. Halafu haikuchukua muda shirika hilo hilo likaweka nguvu kwenye programu za simu, kwa kuwa simu tayari ilikuwa mikononi mwa wazazi na haikuhitaji kupitia forodhani. Walioanza na kifaa cha kazi moja walihamia wenyewe kwenye kifaa cha kazi nyingi.

Mfano mkubwa zaidi uko hapa Tanzania, na unanishangaza kwamba darasani tunautaja kwa kupita tu. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa majaribio yake mkoani Tanga: takriban watoto 3,000 katika vijiji 170, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Kila mtoto alipewa kishikwambi cha Pixel C kilichotolewa na Google, chenye programu ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Kulikuwa na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Hapakuwa na mwalimu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Sasa angalia kwa jicho la mwalimu. Kwa nini hapa walitumia kishikwambi na si kisomeo? Kwa sababu mtoto asiyejua herufi hawezi kuanza na ukurasa wa maandishi. Anahitaji sauti imtamkie "ba", picha itembee, kidole chake kichore herufi na kifaa kimjibu. Wino wa kielektroniki haufanyi hayo, unabadilika polepole mno. Lakini angalia pia upande wa pili: vishikwambi vile havikuwa na WhatsApp. Vilikuwa vifaa vya kazi nyingi vilivyofungwa vikabakishiwa kazi moja. Nadhani hapo ndipo penye jibu la ushindani wote huu, nami nitaparudia hapa nikifika kwenye mkoba wetu.

Kenya walianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa madarasa ya chini mwaka 2016, baada ya ahadi ya kompyuta mpakato iliyotolewa kwenye uchaguzi wa 2013. Kwetu njia ilikuwa tofauti na, nikisema ukweli, ya kibongo zaidi: vishikwambi vilinunuliwa kwa ajili ya Sensa ya Agosti 2022, watu wakahesabiwa, kisha vikapelekwa kwa walimu. Wapo wanaolicheka jambo hilo. Mimi naona ni ushahidi bora kuliko tangazo lolote la biashara. Kifaa kilichohesabu kaya za Buguruni mwezi wa nane leo kinafungua andalio la somo. Kisomeo usingeweza kukihamisha kazi hivyo. Kama serikali ingenunua visomeo laki moja kwa kazi fulani, kazi ikiisha vingebaki kuwa visomeo.

Kuna wasomaji ambao kwao mjadala huu hauna hata pande mbili. Hapa hapa Buguruni tuna Shule ya Viziwi, ya miaka mingi. Kwa mtoto kiziwi, lugha ya kwanza ni ya alama, na lugha ya alama huishi kwenye mikono inayotembea na uso unaobadilika. Maandishi ya Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Nairobi kuna kampuni ya eKitabu inayotengeneza vitabu vya hadithi vyenye video ya lugha ya alama ya Kenya ndani ya ukurasa: mtoto anaona sentensi, na juu yake mtu anaisema kwa mikono. Kitabu cha namna hiyo kwenye kisomeo ni maandishi yaliyokatwa nusu. Kwa hiyo mtu akisema video kwenye kifaa cha kusomea ni upuuzi wa kupoteza muda, muulize anamzungumzia msomaji gani.

Tatizo letu linaitwa PDF

Turudi kwa mwanachuo. Kisomeo kinashinda kwenye macho, betri na jua. Kwa nini basi huoni visomeo vimejaa kwenye vimbweta? Wengine watasema bei. Mimi nasema vitini.

Kitabu cha kielektroniki cha kweli, kama cha mfumo wa EPUB, ni kama uji: unachukua umbo la bakuli. Ukikiweka kwenye kioo kidogo, maneno yanajipanga upya, unaongeza ukubwa wa herufi, maisha yanaendelea. PDF ni picha ya ukutani. Imeshachorwa kwa ukubwa wake, na ukitaka iingie kwenye fremu ndogo itabidi uisinyaze yote. Kisomeo cha kawaida kina kioo cha inchi 6 kutoka kona hadi kona. Ukurasa wa A4 kutoka kona hadi kona ni zaidi ya inchi 14. Piga hesabu mwenyewe: kitini cha A4 ndani ya kisomeo kinakuwa na herufi za ukubwa wa siafu wachanga, na ukikuza unaanza kusukuma ukurasa kushoto kulia, huku wino ukijichora upya kwa kujikongoja kila unaposukuma.

Na sisi tunasoma nini? PDF. Slaidi za mhadhiri zilizogeuzwa PDF. Sura za vitabu zilizopigwa picha na mtu wa mwaka 2014, kidole gumba chake kikionekana pembeni. Mitihani iliyopita. Vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo kila mtu wa ualimu lazima avipitie kabla ya BTP, navyo vimepangwa kwa kurasa kubwa zenye picha na majedwali. Kishikwambi cha inchi 10 navyo hakivimalizi, lakini unasoma bila kulia.

Riwaya ni jambo jingine. Anayesoma fasihi ya Kiingereza na ana vitabu vya EPUB, kisomeo ni rafiki kabisa. Unagusa neno gumu, kamusi inafunguka, unaendelea. Kwa fasihi ya Kiswahili uhondo huo haupo. Riwaya na tamthilia zetu nyingi bado ziko kwenye karatasi. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na mimi nimeisoma kwa karatasi, kwa kuazima, ikiwa imeshapita mikono mingine mingi. Hakuna kifaa kilichowahi kuazimwa hivyo.

Jua, fundi na kibaka

Kutoka Buguruni hadi chuoni Chang'ombe ni karibu ukitazama ramani. Ukiingia foleni ya Tazara saa moja asubuhi, pamoja na lile daraja la juu, ni sura nzima ya kitabu. Hapo dirishani kishikwambi kinakuwa kioo cha kujitazama: unaona pua yako na paa la daladala. Kisomeo kinasomeka. Shida ni kwamba dirishani ndipo pia mkono wa kibaka unapoingia. Watu wananiambia kisomeo hakiibwi kwa sababu hakina soko. Kibaka hajui hivyo mpaka akishakimbia nacho.

Umeme nao una maneno yake. Nyumba zetu za kupanga, LUKU moja vyumba sita, ikiisha usiku wa Jumanne kila mtu anamsubiri mwenzake. Kifaa kinachokaa wiki tatu bila chaja ni heshima. Hapa kisomeo hakina mpinzani na sitakitafutia.

Lakini nenda kwa fundi. Nilimwonyesha fundi simu mmoja pale Buguruni Sheli kisomeo cha kuazima, nikamuuliza kikipasuka kioo itakuwaje. Alikigeuza geuza kama mtu anayechagua nanasi.

"Dada, kishikwambi ukiniletea asubuhi, natuma kijana Kariakoo, jioni unachukua. Hiki kioo chake nakitoa wapi?"

"Hakipatikani kabisa, fundi?"

"Labda upate kingine kibovu tukikate spea. Na hicho kingine nacho kitakuwa kibovu kioo tu, maana hivi haviharibikagi kitu kingine."

Hilo jibu lina elimu kubwa kuliko makala nyingi za kulinganisha vifaa nilizosoma. Makala hizo huandikiwa mtu ambaye kifaa kikiharibika anakirudisha dukani. Huku kwetu kifaa kinadumu kwa kadiri ya spea zake. Kishikwambi kina jamaa wengi mjini, simu karibu zote ni ndugu zake, chaja ni ile ile, mafundi ni wale wale. Kisomeo ni mgeni asiye na ukoo.

Usingizi na utafiti wenye jina la kupotosha

Utasikia watu wakisema utafiti umeonyesha visomeo vinaharibu usingizi. Utafiti upo, ulitoka mwishoni mwa 2014 kwenye jarida la PNAS. Watu 12 walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, usiku tano mfululizo, kwa kifaa chenye mwanga, na usiku mwingine kwa kitabu cha karatasi. Waliosoma kwenye mwanga walichelewa kusinzia kwa karibu dakika kumi na asubuhi walikuwa wazito. Ila ukifungua ndani ukasoma, kifaa kilichotumika kilikuwa iPad. Kichwa kinasema visomeo, mwili unasema kishikwambi. Wanaualimu, tusisome vichwa tu. Kisomeo cha zamani kisicho na taa hakikuwemo. Vya sasa vingi, tangu Kindle Paperwhite ya 2012 na wenzake, vina taa ndogo inayomulika kioo kutokea mbele, na hiyo unaweza kuipunguza.

Utafiti mwingine wa kuujua ni wa mwaka 2018, ulioongozwa na Pablo Delgado, uliokusanya tafiti 54 zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Kwa maandishi ya maarifa, hasa msomaji anapobanwa na muda, karatasi iliishinda skrini kwa uelewa. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Sasa sisi tunasoma nini usiku wa kuamkia UE kama si maandishi ya maarifa kwa kubanwa na muda? Kwa hiyo shilingi mia ya kopi bado ina kazi yake. Mimi natoa kopi za kurasa ngumu tu, zile za takwimu na za falsafa ya elimu, nyingine nasoma kwenye kioo.

Hesabu ya watu saba

Kikundi chetu cha majadiliano kina watu saba, wote tunakaa Buguruni, kuanzia Malapa hadi Kwa Mnyamani. Muhula huu tulichanga elfu hamsini hamsini, jumla 350,000. Dukani tulitajiwa bei za mitumba: kisomeo cha inchi 6 kisicho na taa, 150,000. Kishikwambi cha inchi 10, 320,000. Kwa hiyo mezani kulikuwa na visomeo viwili kwa 300,000 au kishikwambi kimoja.

Ugomvi ulikuwa wa kweli, kwa sababu mwenzetu mmoja ana sapu mbili na akianguka tena anadisko. Kifaa chochote tutakachonunua yeye ndiye atakayekishika zaidi, tulishakubaliana hivyo kabla ya fedha kukusanyika. Waliotaka visomeo walimtetea yeye: simu yake imeshamlia muda mwingi, mkeka wa mpira ukichanika yuko kwenye kundi la Yanga mpaka saa sita usiku, mpe kitu kisicho na kelele. Mimi nilikuwa upande huo kwa moyo. Napenda kisomeo. Ukikishika hakuna kinachokuita.

Kisha yeye mwenyewe akasema, akitupa hesabu yake bila kulalamika. Kuanzia saa kumi alfajiri yuko sokoni na mama yake mdogo kupokea nyanya. Mchana chuo. Jioni anarudi kibandani mpaka saa mbili. Muda wake wa kusoma ni baada ya hapo, chumbani, ambamo wanalala wadogo zake wawili na taa inazimwa saa tatu. "Hicho chenu kisicho na taa nitakisomea wapi?" Tukanyamaza. Na sapu zake zote mbili ni za vitini vya PDF, moja ina majedwali ya takwimu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mwingine akauliza kuhusu zile dakika kumi za usingizi, maana kwa anayeamka saa kumi alfajiri dakika kumi si mchezo. Akajibu kwamba kishikwambi kinapunguzwa mwanga na kugeuzwa maandishi meupe kwenye weusi, na kwamba dakika kumi za kuchelewa kulala anazimudu kuliko saa mbili za kutosoma kabisa. Kura zilikuwa tano kwa mbili kwa kishikwambi. Yangu ilikuwa kati ya zile tano.

Ila hatukukinunua kikabaki kama kilivyo. Hapo ndipo narudi Tanga. Kama watoto wa Handeni na Lushoto walijifunza kwa kifaa kilichofungwa kikabakishiwa kazi moja, hakuna sababu ya mtu mzima kutumia kilicho wazi na kujisifia nidhamu. Hatukukiwekea laini ya simu. Tulifuta kila programu iliyokubali kufutwa na zilizokataa tukazizima. Tumebakisha kisoma-PDF, kamusi, kinasa sauti kwa ajili ya mihadhara na kikokotoo. Nywila ya kuongeza programu anayo mtu mmoja ambaye hajali mpira. Vitini vyote tunavihamisha kwa flashi kutoka kompyuta ya steshenari, na nakala nyingine iko kwenye simu ya katibu, kwa sababu kifaa kimoja mikononi mwa watu saba kitaanguka siku moja. Kava gumu lilitula elfu ishirini, na elfu kumi iliyobaki imewekwa kwa ajili ya fundi.

Zamu ziko hivi. Jumatatu hadi Alhamisi kinalala kwa mwenye sapu. Ijumaa kinakuja kikundini kwa majadiliano, Jumamosi kinagawanywa kwa saa kwa waliobaki. Jumapili kinachajiwa kwangu mpaka kijae, kwa sababu nyumba yetu LUKU tunachanga kwa kichwa, haijalishi nani katumia nini.